Asali ya Mvushaji: Michezo ya Uhusika Ilivyohama Kutoka Mezani Hadi Mtandaoni

Wachezaji wanne wameizunguka meza mtaani Ng'ambo, Tabora. Mezani pana karatasi, penseli, dadu na chupa tupu za soda. Ndani ya mchezo ni mwaka 1871, nao ni watu wa msafara uliotoka Kwihara kwenda Ujiji. Vita vya Mirambo vimefunga njia ya moja kwa moja, wakazungukia kusini, na sasa jioni imewakuta ukingoni mwa mto Malagarasi. Mvushaji mwenye mitumbwi anadai hongo, neno ambalo enzi hizo lilimaanisha ushuru wa kupita katika nchi ya mtu na halikuwa na aibu yoyote. Bei anayoitaja inazidi shanga walizobaki nazo. Dada anayeigiza mkalimani anasema: "Kabla hajairudia bei yake, namwonjesha asali ya Unyamwezi."

Kitabu cha kanuni hakina neno hata moja kuhusu asali. Mtu wa tano mezani, msimulizi, anafikiri sekunde mbili, kisha anajibu: "Haya. Ugumu ulikuwa 13, nimeushusha hadi 11. Rusha, dada."

Sekunde mbili hizo zimewasumbua waunda programu kwa miaka hamsini. Michezo ya uhusika ilipohamia kwenye kompyuta haikuhama kwa mkupuo. Hesabu ilitangulia, maelezo yakafuata, mkusanyiko wa watu ukaja baadaye, na uamuzi juu ya asali ukabaki mezani. Ndiyo maana mchezo wa mtandaoni wenye mamilioni ya watu na mchezo wa watu watano chini ya mwembe huitwa kwa jina moja ilhali ukiviweka pamoja havifanani. Anayetaka kuielewa safari hiyo afuate asali.

Kazi za mtu wa tano

Bao halimhitaji mtu huyu. Kete 64, mashimo 32, hatua ya namua kisha ya mtaji. Wawili wakibishana, mzee aliyekaa pembeni huwakumbusha kanuni iliyopo, hatungi mpya. Mchezo wa uhusika umejengwa kinyume chake: kanuni zenyewe zinajua hazitoshi. Kila mchezaji ana mhusika mmoja aliyeandikwa kwenye karatasi kwa namba (nguvu, wepesi, akili, uhai) na kwa vitu anavyobeba. Msimulizi hana mhusika wake, kwa sababu amebeba dunia nzima iliyobaki: mto, mamba, mvushaji, mvua, hata mke wa mvushaji iwapo mchezaji ataulizia kama yupo.

Kwa hiyo msimulizi anaeleza wachezaji wanaona nini, anahesabu nani ameumia kiasi gani, na anahukumu lile ambalo kanuni hazikulitarajia. Kazi yake ya nne haiandikwi vitabuni, ingawa ndiyo inayoua makundi mengi: kuwakusanya watu watano mahali pamoja, siku moja, saa moja, wiki baada ya wiki.

Hesabu ndiyo nyepesi kati ya hizo, tuimalize. Dadu inayotumika zaidi ina pande 20. Mkalimani wetu ana nyongeza ya 3 katika kushawishi, basi ili jumla ifikie ugumu wa 13 anahitaji dadu ionyeshe 10 au zaidi. Nafasi ni 11 kati ya 20, yaani asilimia 55. Asali ikishusha ugumu hadi 11, anahitaji 8 au zaidi: nafasi 13 kati ya 20, asilimia 65. Kila pointi ina thamani ya asilimia 5, iwe juu au chini, na ndiyo sababu msimulizi anaweza kuamua kwa sekunde mbili bila kikokotoo. Msimulizi mwingine angeacha ugumu ubaki 13 na kumruhusu arushe mara mbili achukue iliyo kubwa. Hapo nafasi inapanda hadi karibu asilimia 80, na kwa asali ya kuonja tu, hiyo ni zawadi nono mno.

Dadu ya pande 20 si ya kuitegemea kwenye maduka ya Tabora au soko la Mwanga kule Kigoma, ila dadu za ludo zipo kila kona. Tatu zinatosha. Ya kwanza: witiri ni 0, shufwa ni 10. Ya pili: witiri ni 0, shufwa ni 5. Ya tatu isomwe kama ilivyo kuanzia 1 hadi 5, na ikitoka 6 irushwe upya. Jumlisha. Kila namba kuanzia 1 hadi 20 ina nafasi sawa kabisa. Karata nazo zinafaa: toa zote zenye picha, zibaki 40, ree ihesabiwe 1, nyekundu zisomwe 1 hadi 10, nyeusi ziongezwe 10. Kosa la kawaida hapa ni kuvuta karata na kuiacha nje. Iliyokwisha kutoka haiwezi kutoka tena, kwa hiyo mjanja anayehesabu atajua kwamba kubwa bado zimo. Irudishwe na kuchanganywa kila mara.

Kosa la pili ni kujumlisha tu dadu tatu za ludo ukidhani ni yale yale. Jumla yake ni kati ya 3 na 18, lakini namba za katikati hutoka mara nyingi zaidi. Kwa dadu hizo, kupata 10 au zaidi ni asilimia 62.5, na kupata 8 au zaidi ni karibu asilimia 84. Asali ile ile iliyokuwa na thamani ya asilimia 10 sasa ina thamani ya 21. Si vibaya kuchagua mtindo huo, bali msimulizi ajue kuwa kila upendeleo mdogo wa katikati utakuwa mkubwa.

Majedwali au hukumu

Ugomvi kati ya kanuni na hukumu ni mkongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kufundishia makamanda: ramani, vipande vya majeshi, dadu, majedwali ya hasara, na mwamuzi wa kati. Ulifanya kazi vizuri, lakini majedwali yalikuwa mengi na kuyapekua kulichosha. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza yatupwe. Mwamuzi mwenye uzoefu aamue mwenyewe. Kambi hizo mbili hazijapatana hadi leo, na mtu anaweza kuisoma historia yote ya michezo hii kama zamu zao za kushinda.

Mwaka 1969 huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliwapa wachezaji mtu mmoja mmoja badala ya jeshi zima, kila mtu na nia yake, katika mji wa kubuni uitwao Braunstein. Mambo yakamtoka mkononi, watu wakaanza kufanya ambayo hakuyapanga, yeye akaona ameshindwa. Wachezaji wakadai urudiwe. Mmoja wao, Dave Arneson, akajenga ulimwengu wake, Blackmoor. Akaungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, aliyekuwa na kanuni za vita vya enzi za ngome, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons: sanduku la vijitabu vitatu, nakala 1,000, dola 10 kwa moja. Vijitabu vilijaa mapengo, na kila kundi liliyaziba kwa namna yake. Hapo ndipo kazi ya msimulizi ilipozaliwa kama tunavyoijua.

Kompyuta inachukua hesabu

Haikupita hata miaka miwili. Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mfumo wa kompyuta za kufundishia uitwao PLATO, na mwaka 1975 likaonekana humo faili lenye jina la kuchosha, pedit5. Jina lilikuwa la kujificha: ndani yake kulikuwa na mapango, mazimwi na hazina, na wasimamizi wa mfumo walikuwa wakifuta michezo ili nafasi ibaki kwa masomo. Kompyuta ilirusha dadu, ilichora korido, ilitunza uhai wa mhusika bila kukosea. Mchezaji akawa na vitufe vya kwenda, kupigana na kutumia uchawi. Kitufe cha asali hakikuwepo. Asiyeweza kubonyeza jambo hawezi kulifanya, na huo ukawa msingi wa michezo yote ya uhusika ya kompyuta ya mchezaji mmoja.

Njia ya pili ilikuwa ya maneno. Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuingia mapangoni na aliyekuwa akicheza Dungeons & Dragons na wenzake, aliandika kati ya 1975 na 1976 programu iitwayo Adventure, ikafuata ramani ya sehemu ya pango halisi la Mammoth, Kentucky. Don Woods wa Stanford akaipanua mwaka 1977. Hapa mchezaji aliandika amri ya maneno mawili, kitendo na kitu, na kompyuta ikajibu kwa maelezo. Ndani yake kuna kamusi ndogo ya vitenzi, kamusi ya nomino, na orodha ya nini kinatokea vikikutana. Ukiandika kwamba unatoa asali, programu inatafuta "toa", inatafuta "asali", inaangalia kama mwandishi aliwahi kuwaza kwamba mvushaji anapenda asali. Kama hakuwaza, jibu ni kwamba haijaelewa. Mashine haikatai asali. Haijui kwamba kuna jambo la kukataa.

(Kiswahili kingeitesa programu hiyo zaidi. Katika Kiingereza kitenzi kinasimama peke yake, lakini "nitamwonjesha" imebeba mtendaji, wakati, mtendewa na kitenzi kilichonyambuliwa, vyote katika neno moja. Anayetaka kuandika mchezo wa maneno kwa Kiswahili aamue mapema: ama aandike kichambuzi cha viambishi, ama awaombe wachezaji watumie amri fupi, "onjesha mvushaji asali". Njia ya pili inachukua siku moja, ya kwanza miezi.)

Mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, mchezo wa maneno wa watu wengi kwa wakati mmoja, na Richard Bartle akaiendeleza. Hatua yao ilikuwa kuchukua kazi ya nne, ya kukusanya watu. Muundo wake bado unafundisha. Ulimwengu ni vyumba vyenye namba. Kila chumba kina maelezo, njia za kutokea na vitu vilivyomo. Mchezaji akifanya jambo, kompyuta inalibadilisha katika kumbukumbu moja kuu kisha inatuma mstari wa maandishi kwa kila aliyemo chumbani humo. Mnamo 1980 chuo kiliunganishwa na ARPANET, mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti, na watu wa nje wakaanza kuingia, hasa usiku ambapo mashine ilikuwa haina kazi nyingine. Wanaokesha leo kusubiri bando la usiku wangewaelewa vizuri.

Sasa tazama asali. Mashine bado haielewi kuonjesha, lakini kama mvushaji ni mtu mwingine aliyekaa mbele ya kompyuta yake, unampa, anacheka, anakuvusha. Hukumu ikarudi kwa mlango wa nyuma, mikononi mwa wachezaji wenyewe. Bartle aliyaona haya kwa miaka, na mwaka 1996 akaandika kwamba watu huingia humo kwa sababu nne, akazipa alama za karata: wenye kutafuta mafanikio ni uru, wapelelezi wa ulimwengu ni shupaza, wapenda soga ni kopa, na wanaofurahia kuwasumbua wenzao ni pau. Kiongozi wa kundi lolote la mezani afanye zoezi hilo kimya kimya kwa wachezaji wake. Mara nyingi ugomvi unaodhaniwa ni wa kanuni ni wa kopa na pau kuwekwa meza moja.

Ukoo wa MUD uligawanyika. TinyMUD ya 1989 iliachana na kupigana, ikawaachia watu kujenga vyumba na kuzungumza. DikuMUD, iliyotoka Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1991, ilichukua njia ya namba: ua, pata pointi, panda daraja, pata upanga bora, ua tena, na aliyeuawa anazaliwa upya baada ya dakika kadhaa. Wa pili ndiye aliyerithiwa na michezo mikubwa ya picha. Ni haki kusema kambi ya majedwali ilishinda raundi hii kwa mabao mengi.

Mto wenye mamilioni ya wavukaji

Kati ya michezo hiyo ya picha, Ultima Online ilifunguliwa Septemba 1997, EverQuest ikafuata Machi 1999, World of Warcraft Novemba 2004, na hii ya mwisho mwaka 2010 ilitangaza wateja milioni 12. Fanya hesabu ya meza: msimulizi mmoja kwa wachezaji wanne. Watu milioni 12 wangehitaji wasimulizi milioni 3. Hakuna kampuni inayoweza kuwalipa, kwa hiyo hukumu iliondolewa kwa sababu za bajeti kabla ya sababu nyingine yoyote.

Kilichobaki ni mvushaji aliyesimama ukingoni na alama ya mshangao juu ya kichwa chake. Anakuomba ngozi kumi za mamba. Unaleta, anakushukuru, unavuka. Nyuma yako yuko mchezaji mwingine anayeombwa ngozi kumi zile zile, na nyuma yake elfu moja wengine, kwa hiyo mto hauwezi kukauka wala mvushaji hawezi kufa. Dunia haina ruhusa ya kubadilika kwa sababu ya mtu mmoja. Asali imo, tena kwa wingi: ni kitu cha kubeba mkobani, kinarudisha uhai kidogo, kinauzwa sarafu tatu. Hakuna anayeweza kuonjeshwa.

Waundaji wa Ultima Online walijaribu kuipa dunia uhai bila msimulizi. Waliandaa mfumo wa ikolojia: wanyama wale majani, wawindaji wale wanyama, na mchezaji akimaliza sungura mbwamwitu wahamie kwingine. Wachezaji walipoingia walichinja kila kilichotembea kwa kasi kuliko mfumo ulivyoweza kuzalisha, na hakuna aliyepata nafasi ya kuona ikolojia ikifanya kazi. Katika majaribio ya Agosti 1997, mhusika wa mwanzilishi Richard Garriott, aitwaye Lord British, aliuawa kwa moto na mchezaji mbele ya umati. Seva ilikuwa imezimika na kuwashwa upya, na kinga yake ya kutokufa haikuwa imerudishwa. Mwaka 2005 ndani ya World of Warcraft, ugonjwa uliokusudiwa kubaki ndani ya pango moja ulitoka na wanyama wa kufugwa wa wachezaji, ukaingia mijini na kuua wahusika kwa makundi, na mwishowe kampuni ikalazimika kuwasha seva upya na kurekebisha programu. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko waliandika juu ya tukio hilo. Mezani msimulizi angesema tu, "Mbwa wako anakohoa, unafanya nini?"

Kwa mchezaji wa Kigoma kuna jambo jingine kwenye michezo hii, nalo ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam peke yake ni takribani kilomita 1,250. Ukiongeza waya wa baharini hadi seva ya Ulaya na vituo vya kati, kuchelewa kunazidi milisekunde 100 hata mtandao ukiwa mzuri. Bando kubwa haliondoi hilo, kwa kuwa tatizo ni urefu wa njia, wala si upana wake. Michezo ya kukwepa na kulenga itakuumiza. Ya zamu haijali, na ya maandishi haijali hata ukichelewa nusu saa.

Msimulizi anarudishwa kitini

Wakati michezo ya picha ikikua, watu wengine waliendelea kuuliza swali dogo: kwa nini tusiihamishe meza yenyewe, pamoja na msimulizi wake? Michezo ya kulipia kwa barua ilikuwepo tangu 1970, Rick Loomis alipoanza kuiendesha Marekani. IRC ya 1988 ikaleta soga ya papo hapo, na roboti za kurushia dadu, yaani programu ndogo zinazokaa ndani ya soga, zikafuata. Fantasy Grounds ya 2004 ilitoa meza ya kompyuta yenye ramani, karatasi za wahusika na dadu zinazoonekana kwa wote. Roll20 ya 2012 iliifanya meza hiyo ifunguke kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu. Discord ya 2015 ikatoa sauti. Foundry ya 2020 ilimpa msimulizi programu ya kununua mara moja na kuimiliki. Mwaka huo huo korona iliwafungia watu ndani, na makundi yasiyowahi kufikiria mtandao yakahamia huko.

Meza hizi zinachukua hesabu, ramani na mkusanyiko, na kumwachia binadamu hukumu. Ni mgawanyo mzuri wa kazi, ila una mtego. Karatasi ya mhusika ikiwa na vitufe vya Kushawishi, Kutisha na Kudanganya, baada ya wiki chache wachezaji huacha kusema wanafanya nini na huanza kubonyeza. Mkalimani hataji asali. Anabonyeza Kushawishi, namba inatokea, watu wanasonga mbele. Msimulizi makini huweka sharti moja: hakuna kubonyeza kabla ya kusema.

Hata akili bandia zinazotunga hadithi, zilizoanza kuonekana kwenye michezo mwaka 2019, hazijaitatua asali, ingawa zinaikubali. Tatizo lao ni kwamba zinakubali kila kitu. Mwambie mvushaji kwamba wewe ni jua, naye atakuvusha. Hukumu isiyojua kukataa haina uzito, na baada ya kurasa kadhaa mashine husahau kwamba shanga zilikwisha.

Kati ya Kigoma na Tabora, kwa simu

Tuseme wawili wako Tabora, wawili Mwanga, na msimulizi yuko Gungu. Wana simu, na laptopu moja. Uamuzi wa kwanza ni sauti au maandishi, na bando ndilo linaloamua. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu MB 29 kwa saa, ikiwa anayesema ni mmoja kwa wakati. Kipindi cha saa tatu ni chini ya MB 90. Video ya kilobiti 1,000 ni MB 450 kwa saa kwa kila uso unaoutazama. Zima kamera. Maandishi ni kama bure: ujumbe 500 wa herufi 200 ni kilobaiti 100, pamoja na mzigo kidogo wa programu yenyewe.

Wakichagua meza ya mtandaoni, watumie inayofunguka kwenye kivinjari na kuhifadhiwa kwa mwenye huduma. Foundry inahitaji kompyuta ya msimulizi iwe seva, na wenzake waifikie kupitia mlango wa mtandao (port) namba 30000. Kwa intaneti ya simu hilo mara nyingi hushindikana, kwa sababu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma na hakuna mlango wa kufungua upande wako. Watu hupoteza jioni nzima wakilaumu programu. Suluhisho ni kukodi seva ndogo ya nje, au kuachana nayo. Ramani nazo huleta shida ya kujitakia: picha ya MB 8 iliyopigwa kwa simu itawachelewesha wote. Roll20 hutumia pikseli 70 kwa kila mraba, kwa hiyo uwanja wa miraba 30 kwa 20 unahitaji pikseli 2,100 kwa 1,400 tu. Ipunguze, ihifadhi kama JPEG, itashuka chini ya MB 1 bila mtu kuona tofauti.

Sauti ya mbali huwafanya watu wazungumze kwa pamoja kisha wanyamaze kwa pamoja. Msimulizi aite kwa jina kila zamu, "Mkalimani, kaka mpagazi ameshika mtumbwi, wewe je?", na asiulize "mnafanya nini?" kwa wote. Umeme au mtandao ukimkatia mtu, kanuni iwe imekubaliwa kabla: mhusika wake anajilinda, hafi, na hafanyi maamuzi.

Kwa maandishi, adui ni kalenda. Pigano la wahusika wanne na raundi tano lina zamu 20. Kila mtu akijibu mara moja kwa siku na wakisubiriana kwa foleni, ni siku 20 kwa pigano ambalo mezani ni nusu saa. Makundi mengi hufia hapo. Vunja foleni: msimulizi anatuma hali saa mbili usiku, kila mmoja ana saa 24 kutangaza tendo lake kwa mpangilio wowote, aliyenyamaza anajilinda, kisha msimulizi anaamua yote kwa ujumbe mmoja. Pigano linaisha siku tano. Kila tangazo liwe na vitu viwili, unafanya nini na unataka kitokee nini: "Namwonjesha asali ili apunguze bei" ni tofauti na "namwonjesha asali ili asiwaone wenzangu wakishusha mizigo", na ugumu wake si mmoja. Bila nia hiyo, msimulizi atauliza, atajibiwa kesho, na siku imekwenda.

Dadu zirushwe na roboti ndani ya kundi, kila mtu aone. Kama hakuna roboti, arushe msimulizi pekee yake. Ugumu uandikwe kabla ya dadu kurushwa, kwenye ujumbe wa peke yake ili saa yake ionekane. Ukiuandika baada ya namba kutoka, hata ukiwa mwadilifu kiasi gani, watu watahisi umeivusha au umeizamisha mitumbwi kwa mkono wako.

Kuhusu kanuni zenyewe, hakuna haja ya kununua. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, hati iitwayo SRD 5.1, ziko chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuzitafsiri, kuzibadilisha na hata kuuza kazi yake, mradi ataje zilikotoka. Anayetaka kuzifupisha kwa Kiswahili kwa msafara wa Malagarasi anaanza na kurasa mbili: sifa sita za mhusika, jinsi ya kurusha na kulinganisha na ugumu, uhai na jeraha. Ugumu wa 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la kati, 20 kwa gumu. Mamba apewe uhai wa 19 na mvushaji asipewe namba kabisa, ila mstari mmoja unaosema anapenda nini na anaogopa nini.